Ruzuku ya Mzee na Uwezo wa Kungoja

(Hotuba mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mwankoko, Singida)



Wako wanaushirika wasemao kwamba fedha wanazopewa wazee wa vijijini ni sadaka tu, na kwamba chama cha msingi hakina haja ya kujishughulisha nazo. Wako na wengine, nao ni wa hatari zaidi, wanaoziona fedha hizo kuwa nafasi nzuri ya kukusanyia madeni. Kusudi la mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea. Ruzuku ndogo ifikayo kwa wakati humrudishia mzee uwezo wa kungoja. Na bila wanachama wenye uwezo wa kungoja, hakuna ushirika.

Njaa ya wakati wa palizi

Mwankoko imo ndani ya Manispaa ya Singida, na visima vyake huupatia mji maji. Hata hivyo mkulima wake hutegemea mvua ya msimu mmoja kama mkulima yeyote wa nyanda hizi kavu. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma yapata Aprili. Alizeti, mtama na uwele huvunwa baadaye. Kwa hiyo miezi ya Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ambayo ghala hubaki tupu, na ndiyo hiyo hiyo ambayo shamba hudai jembe.

Kijana mwenye nguvu aweza kulima kibarua asubuhi na kupalilia shamba lake jioni. Mzee hawezi. Akienda kupalilia shamba la mwingine ili apate debe la nafaka, nguvu zake za siku zimekwisha. Shamba lake huota magugu, na alizeti iliyopaliliwa kwa kuchelewa hutoa vichwa vidogo. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

Mlango wa pili wa hasara ni kuuza mazao yakiwa bado shambani. Chukuliwe mfano wa hesabu tu. Bibi mmoja ana haja ya shilingi 20,000 mwezi Februari, kwa chakula na kwa madaftari ya mjukuu. Mnunuzi humpa fedha hizo kwa ahadi ya gunia moja la alizeti. Mavuno yanapofika, gunia hilo lina thamani ya shilingi 50,000. Bibi amelipa shilingi 30,000 kwa kuazima shilingi 20,000 kwa miezi michache. Kule Kagera wakulima wa kahawa wanaujua mtindo huu kwa jina la butura, na serikali imeupiga vita kwa miaka mingi. Lakini amri peke yake haitoshi, maana mwenye njaa hana miiko. Anayemlaumu bibi huyo kwamba amekisaliti chama chake, kwanza ajiulize chama kilimpa nini mwezi Februari.

Yaliyoonekana kwingine

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2010 ulianza kulipa ruzuku za majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na hii ya mwisho ina ukame unaofanana na wa Singida. Mtu wa miaka 60 na zaidi alihesabiwa dola 6 za Kimarekani kwa mwezi, na mtoto dola 3. Malipo yalitolewa kwa shilingi kila miezi miwili. Mzee alitakiwa kwenda kupimwa afya angalau mara moja kwa mwaka.

Watafiti walilinganisha vijiji 40 vilivyopata ruzuku na vijiji 40 ambavyo havijapata. Waliohofu kwamba fedha zingeishia kilabuni walipata jibu: kaya zilizopewa ziliongeza mifugo, wengi zaidi wakajiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wengi zaidi wakanunuliwa viatu. Mtu maskini anunuapo kuku au mbuzi anaweka akiba. Siku ya shida huuza kuku, na alizeti hubaki shambani mpaka ikauke.

Mwaka 2012 mpango huo ulipanuliwa kuwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Ruzuku ya msingi ya kaya ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani shilingi 20,000 kwa malipo ya miezi miwili. Fedha hizo ni sawasawa na zile alizohitaji bibi wa mfano uliotangulia.

Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee waliobaki na wajukuu yatima baada ya ukimwi kuwachukua wazazi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina lenye maana ya chumvi, sabuni na viatu vya shule, na jina hilo linatosha kueleza fedha zilikwenda wapi. Jambo la kuangaliwa na wanaushirika ni kwamba wazee hao waliundiwa vikundi vya kusaidiana. Mtu asiye na kitu huona haya kuingia katika kikundi, kwa sababu zamu ya kutoa itakapofika hatakuwa na cha kutoa. Apatapo kidogo cha uhakika, huweza tena kuketi na wenzake.

Zanzibar nayo ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, kutoka katika bajeti ya serikali yenyewe. Kule kigezo ni umri. TASAF ilichagua kaya kwa umaskini wao, na majina yakathibitishwa katika mkutano wa kijiji. Kwa hiyo wazee wawili majirani waweza kuwa mmoja anapata na mwingine hapati. Chama kisidhani kwamba kila mwenye mvi ana ruzuku.

Mipaka ya ruzuku

Isisemwe kwamba ruzuku huondoa umaskini. Shilingi 20,000 haichimbi kisima wala haipandishi bei ya alizeti. Tena nguvu yake yote imo katika kufika kwa wakati. Ruzuku ya Februari ikilipwa Mei, alizeti imekwisha kuahidiwa kwa mnunuzi. Ikikatwa mezani kwa ajili ya mchango huu na deni lile, mzee hurudi nyumbani na njaa aliyokuja nayo, na mlangoni humkuta mnunuzi yule yule.

Wajibu wa chama

Tangu vyama vikuu vya kwanza, kama kile cha Kilimanjaro kilichoandikishwa mwaka 1933, ushirika umefanya kazi kwa kumtaka mkulima alete mazao, apokee malipo ya awali, kisha angoje malipo ya pili. Malipo ya pili ni fedha za mtu anayeweza kungoja. Ruzuku humsaidia mzee kungoja wakati wa palizi. Chama hakina budi kumsaidia kungoja baada ya mavuno. Kwa hiyo mambo haya yazingatiwe.

Kwanza, katibu asikae penye meza ya malipo ya ruzuku na daftari la madeni. Deni la mwanachama lilipwe kutokana na mazao yake, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Pili, mzee asiyejua kusoma asomewe uzito na kiasi cha fedha kwa sauti, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, na apewe stakabadhi. Alipwaye kwa simu asinyang'anywe namba ya siri, wala na katibu wala na mjukuu.

Tatu, akiba iwe ya hiari. Mzee akitaka kuweka shilingi 1,000, ipokelewe na kuandikwa kwa heshima ile ile ya laki moja.

Nne, kabla jina la mwanachama mzee halijapendekezwa kufutwa kwa sababu haleti mazao, kamati iende nyumbani kwake ikaulize mazao yanakwenda wapi. Mara nyingi yatakuwa yameuzwa tangu Februari.

Tano, malipo ya mazao yasicheleweshwe bila maelezo. Chama kinachomngojesha mzee kuliko nguvu zake kinamfundisha kwamba mnunuzi wa mlangoni ndiye rafiki.

Ndugu Wanachama, wengi wa wazee hawa ndio waliobeba magunia ya kwanza kuyapeleka kwenye maghala ya ushirika. Hawaombi kubebwa. Wanahitaji mzani wa haki, malipo ya siku iliyotajwa, na fedha yao ndogo iachwe mkononi mwao.