VIJIDUDU VINAVYOVUKA KATI YETU NA MIFUGO

Mazungumzo mbele ya mkutano wa tawi, Nairobi



Huenda baadhi yenu mwajiuliza habari za kuku na mbuzi zahusu nini chama cha wafanya kazi. Zatuhusu sana. Wengi wetu tufanyao kazi hapa mjini, jioni twarudi Kawangware, Kangemi na Dagoretti, na huko mshahara ukiisha kabla ya mwezi, ni kuku wachache na mbuzi mmoja wanaosaidia kulipa karo. Hatukuja kuwaambieni muwauze.

Mwaka 2015 na 2016 wataalamu walizunguka nyumba 99 katika mji huu wa Nairobi. Miongoni mwao walikuwako wale wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyo huko Kabete. Walichukua choo cha watu, cha mifugo, na cha wanyama wa porini wakaao karibu nasi, wakatafuta kijidudu kimoja kiitwacho E. koli, ambacho hukaa matumboni. Aina nyingi za E. koli hazina neno. Chache huleta kuhara, na nyingine huua. Walisoma asili ya vijidudu 1,338, kimoja kimoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022.

Walionaje? Vijidudu vya nyumba moja vilifanana kuliko vya nyumba mbalimbali. Vya watu kwa kawaida vilikaa kwa watu, na vya kuku kwa kuku. Lakini viko vilivyovuka kati ya mtu na mnyama. Ni mara chache, basi mtu asije akawatisha kwamba kila yai lina mauti ndani yake. Hata hivyo chache si hapana, hasa kwetu sisi tunaolala chumba kimoja na kuku kwa kuogopa wezi, na maji ya kunawa ni ya kununua kwa mtungi.

Jambo la kutusumbua zaidi ni dawa. Kuku wakianza kusinzia, twakimbilia dukani kununua unga wa tetrasaiklini, twautia katika maji yao kwa kukisia. Mtoto akikohoa, twanunua kapsuli nne badala ya dozi nzima, kwa kuwa pesa ni hizo. (Na mara nyingi kikohozi chenyewe hakitaki dawa hiyo.) Basi vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Tena nguvu ile hupeana, hata na vijidudu vya jamii nyingine. Hivyo dawa tuliyoiharibu kwa kuku yaweza kumkosa mtoto siku anayoihitaji kweli. Bwana Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945.

Na maziwa je? Chemsheni maziwa hata yawe ya jirani mnayemwamini, maana hata homa ya brusela hupitia humo. Lakini fahamuni kwamba moto huua vijidudu, hauondoi dawa. Ng'ombe aliyepigwa sindano, maziwa yake yasiuzwe mpaka zitimie siku alizotaja daktari wa mifugo. Anayeuza kabla ya hapo anatunywesha dawa bila sisi kujua.

Sasa wako ndugu zetu wanaofanya kazi machinjioni. Wao hushinda katika damu na samadi, na kidonda kidogo mkononi ni mlango. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yafaayo. Si hisani. Kama nyumbani mwako yuko ndugu anayefanya kazi hiyo bila buti wala glavu, au aliyeambiwa ajinunulie, mwambie aje hapa Jumamosi na karatasi yake ya mshahara. Katibu atampeleka kwa wenzetu wa chama chake.