Zabuni Isimeze Mtaji

Mwaka 2013 serikali ya nchi jirani ya Kenya iliagiza kwamba asilimia 30 ya manunuzi yake itengwe kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Binti mwenye cherehani moja au ghala dogo la maharage akafunguliwa mlango wa kuiuzia serikali.

Lakini kufunguliwa mlango si kulipwa. Malipo ya wazabuni yamechelewa mara nyingi, na binti aliyekopa ili apeleke bidhaa hudaiwa riba huku naye akidai.

Kwa hiyo mwenye busara hupima kwanza: mtaji wake utahimili miezi mingapi bila malipo? Hapeleki mzigo pasipo hati ya kuagizwa; hutunza stakabadhi ya mapokezi yenye sahihi na muhuri; wala hachanganyi fedha za biashara na za jikoni.

Funzo hilo lawahusu askari wenye wake na mabinti wanaoanza biashara. Kamanda hamalizi risasi zote katika shambulio la kwanza. Lawahusu pia watunza bohari: sahihi inayocheleweshwa mezani huua mtaji wa mnyonge.