Gari la waya halijengwi na mkono mmoja



Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi. Nyingi zililala stesheni majuma mengi zikingoja treni. Watoto wetu hawakuyaona hayo, lakini matusi ya wakati ule wanayasikia nyumbani.

Ndiyo maana tunawapa kazi ya kujenga. Vifaa ni waya, makopo na ndala zilizokatika. Watoto watano wa makabila mbalimbali wanapewa koleo moja tu. Mmoja akikunja waya, mwenzake anaushika. Magurudumu yasipolingana, gari linapinda, na wote wanarudi kupima.

Siku ya kwanza waligombania koleo, gari likavunjika. Hatukuwaamulia. Tuliuliza tu: "Sasa tufanyeje?" Wakapanga zamu wenyewe.

Tunawaomba jambo moja. Mtoto akileta gari nyumbani, msimwulize wenzake ni wa kabila gani. Mwulizeni yeye alishika wapi, na nani alimshikia.