Hedi mpya kutoka Guangzhou: kipimo chembamba kuliko unywele

Leo tunazungumzia kipande cha alumini ambacho wengi wenu mmekilipia bila kukiona kwa macho: silinda hedi, ambayo mafundi wetu wameifupisha wakaiita hedi tu.

Gari likichemsha katika mlima wa Kitonga, fundi akalifungua, mara nyingi habari anayoitoa ni moja: hedi imepasuka. Injini ya Toyota aina ya 1KZ, iliyoanza kufungwa katika Prado na Hilux Surf mwaka 1993, inajulikana sana kwa ugonjwa huo. Hedi yake ni ya alumini, bloku lake ni la chuma cha kusubu, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenye urefu wa nusu mita, joto lake likipanda kwa nyuzi 80, hurefuka kwa takriban milimita 0.9, bloku lililo chini yake hurefuka kwa nusu ya hapo. Kwa hiyo kila siku injini inapowashwa na kuzimwa, hedi husogea juu ya gasketi, ikienda na kurudi.

Hedi inayouzwa na kampuni iliyounda gari ni ghali mno, na ya mtumba hujui imepitia masaibu gani. Inabaki njia ya tatu: hedi mpya iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Hapo ndipo Guangzhou inapoingia.

Wafanyabiashara wetu hulala Xiaobei au Sanyuanli, na asubuhi hushika njia kwenda Barabara ya Yongfu, kwenye maduka ya vipuri yaliyopangana bega kwa bega. Duka hilo aghalabu ni dirisha tu. Hedi yenyewe huenda imesubiwa na kuchongwa katika mkoa mwingine, kwa mfano Zhejiang. Nimeyasikiliza mazungumzo ya madukani humo mara nyingi. Mnunuzi hutaja namba ya kipuri, ambayo kwa hedi za Toyota huanza na 11101, kisha idadi, kisha bei. Muuzaji huuliza: unataka ya ubora gani? Kikokotoo kinapita mkono huu na ule, bei inashuka, mkono unapewa. Milimita haijatajwa na yeyote.

Nayo milimita ndiyo bidhaa yenyewe. Kwa injini ya Mitsubishi 4D56, uso wa hedi unaokaa juu ya bloku unatakiwa usipinde kwa zaidi ya milimita 0.05, na kikomo kabisa ni 0.2. Unywele wa binadamu una unene wa takriban milimita 0.07. Uso huo ukiwa na mikwaruzo mirefu ya kisu cha mashine, gasketi inasagwa kidogo kidogo katika kule kwenda na kurudi tulikokutaja. Mwanya kati ya mti wa valvu na gaidi yake nao huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Na siti ya valvu haikugandishwa kwa gundi: ni pete pana kidogo kuliko tundu lake, iliyoshindiliwa humo kwa nguvu. Tundu likichongwa kubwa kupita kiasi, siti hushika vizuri injini ikiwa baridi, kisha siku ya safari ndefu hung'oka, na pistoni huvunjika pamoja nayo.

Kuna wanaosema kwa wepesi kwamba mali ya China ni mbovu. Mimi sikubaliani nao. Huko Nansha, ndani ya mji huuhuu wa Guangzhou, kuna kiwanda cha ubia cha Toyota na GAC kilichoanzishwa mwaka 2004, kinachotengeneza injini za magari. Ujuzi wa kuchonga kwa usahihi upo. Lakini kubadilisha kisu kabla hakijawa butu kunagharimu. Kuipasha hedi joto ili alumini ikomae kunagharimu. Kadhalika kuiziba njia za maji, kuijaza hewa yenye shinikizo na kuizamisha katika maji ya moto ili kutafuta mapovu, kama fundi wa baiskeli atafutavyo pancha. Ndivyo vijitundu vya kusubia vinavyogunduliwa. Bei ikiminywa, hatua hizo hukatwa kwanza, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuzikosa kwa kutazama tu. Hedi mbili zinang'aa sawasawa.

Anayelipa tofauti hiyo hajawahi kufika China. Ni mwenye Hiace ya mkopo, ambaye gari linamlalia miezi mitatu baadaye. Kenya ilianza utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa mwaka 2005, na Tanzania mwaka 2012, lakini cheti cha kontena zima hakimaanishi kwamba kila hedi iliyomo imepimwa.

Mnunuzi mkubwa ana silaha moja: salio. Akiandika katika oda yake kiwango cha unyoofu, shinikizo la majaribio na kina cha valvu, kisha akapeleka mkaguzi achague hedi kutoka katikati ya shehena kabla ya kulipa fedha zilizobaki, kiwanda kitachonga kingine. Baada ya kontena kufungwa, barua za malalamiko hazina nguvu.

Mnunuzi wa hedi moja, awe Kariakoo, Barabara ya Kirinyaga au Kisekka, aende na fundi mwenye rula ya chuma iliyonyooka na geji ya kupimia mianya. Rula iwekwe kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, hapo hapo juu ya kaunta, kwa sababu hedi ikishafungwa na kuwaka moto, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeichemsha. Na bloku nalo lipimwe siku hiyo hiyo, pamoja na rejeta kusafishwa. Hedi iliyonyooka juu ya bloku lililopinda itavuja vilevile.