KUTAFUTA MABABU KATIKA VITABU VYA HESABU
Hotuba ya katekista kwa waumini na walimu



Katika siku hizi za Jubilei twahesabu miaka ya jimbo letu, na kuwataja kwa shukrani waliotutangulia. Nami nimeagizwa niseme juu ya jambo ambalo watu wengi huliuliza wakifika mlangoni pa ofisi ya parokia: "Mwalimu, nitawapataje babu zangu? Serikali imehesabu watu tangu zamani. Je, majina yao hayamo katika vitabu vya hesabu?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu la kweli.

Kwanza tutazame hesabu ya serikali. Katika nchi yetu Waingereza walihesabu watu mwaka 1921, tena 1931, lakini hesabu ya Waafrika katika miaka ile ilikuwa ya makisio, iliyokusanywa kwa njia ya watemi na wanangwa wao. Mwaka 1948 ndipo ilipofanyika hesabu iliyo bora zaidi, na watu wa Tanganyika wakaonekana kuwa karibu milioni 7 na nusu. Ikafuata ya 1957. Na baada ya Uhuru zikaja za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika hii ya mwisho tulihesabiwa watu 61,741,120, na katika hao mkoa wa Geita pekee una watu karibu milioni 3.

Sasa mtu akikifungua kitabu cha hesabu ya 1948 au ya 1957, ataona nini? Ataona wilaya, na makabila, na idadi ya wanaume, wanawake na watoto. Jina la babu yake hataliona. Babu yumo humo, lakini yumo kama punje moja ndani ya ghala. Tena majibu ya kila mtu katika hesabu za siku hizi ni siri kwa sheria. Kuna nchi nyingine ambazo hufungua karatasi za majina baada ya muda mrefu: Uingereza hungoja miaka 100, na ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022, Marekani hungoja miaka 72. Wajukuu wa kule husoma jina la babu yao, kazi yake na nyumba aliyolala. Sisi njia hiyo hatunayo, basi yatupasa kutafuta nyingine.

Njia moja ni vitabu vya kodi. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza baada yao wakatoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi haidaiwi kwa jumla. Hudaiwa kwa jina. Kwa hiyo palikuwa na orodha za majina. Nyingi zimeliwa na mchwa, na zilizobaki zina upungufu mmoja mkubwa: humtaja mwanamume mwenye kulipa, mkewe huonekana kama nyumba tu, na watoto hawamo. Yeye aliye wa ukoo wa watemi ana bahati zaidi, kwa kuwa maofisa wa wilaya waliandika habari za watemi na vizazi vyao katika vitabu vya wilaya, ambavyo huhifadhiwa katika Nyaraka za Taifa.

Walakini kuna hesabu nyingine, ndugu zangu, iliyo karibu nasi kuliko zote, nayo imo kabatini mwa parokia zetu. Mapadri wa White Fathers walifika Bukumbi mwaka 1883, na Ushirombo mwaka 1891. Popote walipoanza misheni walianza na daftari. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwamuru kila paroko kuwa na vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, na kujitahidi kuwa na kitabu cha tano, ambacho kwa Kilatini huitwa status animarum, yaani hali ya roho. Hicho ndicho kitabu cha hesabu ya waumini, nyumba kwa nyumba: baba, mama, na watoto wao. Palipo na kitabu hicho, mjukuu aweza kumwona babu yake akiwa mtoto mdogo katika nyumba ya wazazi wake.

Kitabu cha ubatizo nacho kina utajiri ambao wengi hawaujui. Humo kuna jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake, mahali na siku. Walimu, jifunzeni maneno machache ya Kilatini mpate kuwasaidia watu: natus ni "amezaliwa", pater ni baba, mater ni mama, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Tena tazameni ukingoni mwa ukurasa. Mtu akifunga ndoa mahali pengine, habari hurudishwa kwenye parokia alikobatizwa, ikaandikwa pale pembeni ya jina lake. Mstari ule mdogo waweza kueleza safari nzima ya maisha.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Shinyanga na Geita, maana tumekuwa watu wa kuhama. Wengine walifuata malisho, wakavuka kwenda Geita na ng'ombe wao. Wengine walifuata dhahabu: mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, kisha ukaanza upya mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wamejaa Nyarugusu na Rwamagasa. Wengine walikwenda Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Halafu mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwaondoa watu katika kaya zao, na makaburi ya wazee wakayaacha porini. Ndiyo sababu kijana wa leo hajui babu yake amelala wapi.

Tuseme kijana wa Nyarugusu anataka kumjua babu wa baba yake. Na aanze na cheti cha ubatizo cha baba yake. Humo ataona parokia na namba ya mwaka. Akiandika barua kwa paroko yule kwa heshima, atapata majina ya babu na bibi. Kwa majina hayo atatafuta ndoa yao, na kitabu cha ndoa kitamwambia walikobatizwa, labda upande wa Shinyanga. Hapo atakuwa amepanda vizazi viwili bila kuwasumbua watu wengi.

Lakini asitazame herufi tu. Mfaransa aliweza kuandika "ou" mahali pa "u", na "ch" mahali pa "sh". Hivyo Shija aweza kuwa amelala katika jina la Chija. Tena sisi twaitana Ng'wana fulani, yaani mwana wa fulani, na Mzungu aliyesikia hivyo aliliandika kila mara kwa namna yake. Majina yetu nayo husema: Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ndiye aliyezaliwa baada yao. Ukimkuta Shija peke yake kitabuni, ujue kuna wawili waliomtangulia, watafute.

Pia wako wazee wetu ambao kitabu hakiwezi kuwafikisha mbali. Ushirombo walilelewa watoto waliokombolewa utumwani; wengi hawakujua kijiji walikotekwa. Uzao wao usione haya. Ukoo wao umeanza kuandikwa pale walipopewa uhuru, na huo ni mwanzo wenye heshima.

Sasa nasema neno lililo zito. Kitabu huishia mahali fulani, na zaidi ya hapo wanaojua ni wazee, hasa bibi zetu. Bibi ndiye ajuaye nani alioa wapi, mtoto yupi alikufa na njaa ipi, ng'ombe wangapi walitolewa mahari. Nasi katika mikoa yetu hii tumewaua bibi hao. Mama mzee aliyepika miaka yote kwa kinyesi cha ng'ombe, moshi ukamwekundisha macho, akaitwa mchawi, akakatwa kwa panga usiku. Wengine waliuawa na watu wa nyumba zao wenyewe, ambao walitaka shamba. Wauaji wale walimwaga damu isiyo na hatia, ndiyo dhambi yenyewe. Na pamoja nayo walizima kumbukumbu ya ukoo mzima. Kijana asiniulize habari za mababu zake, naye akinyamaza bibi wa jirani anaponong'onezewa uchawi. Neno likianza kunong'onwa, mwendee mwenyekiti wa kijiji na polisi siku ile ile, naye bibi asiachwe alale peke yake.

Basi, naomba mambo matatu. Kila nyumba ichukue daftari moja, na mtoto asomaye aandike maneno ya babu na bibi: majina, mahali, na mwaka, hata kama mwaka wajulikana kwa njaa au kwa mvua tu. Kila parokia iyatunze madaftari ya zamani katika sanduku la bati, mbali na mchwa na unyevu; sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo yaamuru vitabu vya kale vihifadhiwe kwa bidii. Nanyi makatekista wenzangu, mkiandika jina la mtoto, andikeni kwa mwandiko unaosomeka, na jina la mama msiliache. Atakayekuja kulitafuta hajazaliwa bado, wala hatapata wa kumwuliza ila karatasi ile.

Mungu awabariki, na awarehemu wote waliotutangulia.