MANENO YA UONGOZI WA TAWI KWA VIJANA WETU WA DINI ZOTE

Mlioomba maneno tuliyowaambia vijana Jumapili, haya hapa. Viongozi wa mashina wayafikishe kwa wasio na simu.

Vijana wetu, Oktoba 2012 wengi wenu mlikuwa wadogo. Hapa hapa Mbagala watoto wawili walibishana kuhusu Kurani, ubishi wa kitoto, mmoja akakidhalilisha kitabu hicho. Lilikuwa kosa, na tayari mtoto alikuwa mikononi mwa polisi. Lakini umati ulikwenda kituoni ukimtaka, na siku hiyo makanisa yakavunjwa na kuchomwa. Mwaka uliofuata, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja.

Kwa nini tunayafukua? Kwa sababu wiki mbili zilizopita sauti ilizunguka kwenye grupu letu ikidai kanisa la mtaani limepigwa mawe wakati wa ibada ya jioni. Watu walishaanza kutajana. Vijana wanne, Waislamu wawili na Wakristo wawili, hawakusubiri kutumwa. Walikwenda pamoja, wakamkuta mzee wa kanisa anaokota maembe. Watoto walikuwa wanapopoa mwembe, jiwe moja likatua kwenye bati. Basi.

Sauti ile ilisambazwa pia na mmoja wetu wa kamati ya tawi. Amekiri na ameomba radhi. Tumempokea, lakini tulifedheheka.

La pili ni gumu zaidi. Uchaguzi wa tawi unakaribia na tumeanza kusikia, "safari hii ni zamu ya watu wetu." Watu gani? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 hairuhusu kusajili chama cha dini fulani. Sasa tawi nalo tuligawe kwa kuhesabu kanzu na misalaba? Mgombea atakayeombewa kura kwa namna hiyo, jina lake litajadiliwa kwenye kamati, hata awe rafiki yetu.

Wale vijana wanne wameomba jambo moja: kikao cha kuulizana, si cha kuhubiriana. Wanataka kuuliza yale wanayoyanong'ona pembeni. Kwa nini mwenzangu hali nyama ya bucha fulani? Kwa nini mkesha uwe na spika kubwa vile? Kwa nini adhana ya alfajiri ipigwe kwa kipaza sauti? Tumekubali. Mzee yeyote atakayekuja atasikiliza kwanza.

Tulikuwa tumepanga Jumamosi. Wasabato wakatukumbusha kuwa ndiyo siku yao ya ibada, na kwa kweli tuliona aibu, maana ni wenzetu tangu tawi lifunguliwe. Kwa hiyo ni Jumapili ijayo, saa 10 na nusu jioni, baada ya Alasiri, ofisi ya tawi. Chai ipo. Vitafunwa kila mtu aje navyo.

Uongozi wa Tawi