Hesabu Pumzi za Mtoto Wako

Leo tuzungumze juu ya pumzi.

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, kama 21 ni oksijeni. Katika hewa tunayotoa, hubaki kama 16. Kumbe mwili huchukua sehemu 5 hivi tu! Na oksijeni haiwekwi akiba kama unga kwenye debe. Ni lazima tuvute pumzi tena na tena, mchana na usiku.

Mtoto akiugua nimonia, mapafu huingia majimaji na usaha, na oksijeni haifiki vizuri kwenye damu. Ndipo anapohema haraka haraka ili kufidia.

Mama mmoja alikuja kwangu na mtoto wa miezi 7. Akasema, "Sista, ni homa tu, nimempaka dawa kifuani." Nilipomfunua shati nilihesabu pumzi 64 kwa dakika, na kifua kilikuwa kikibonyea chini ya mbavu. Tulimkimbiza hospitalini, akawekewa oksijeni, akapona. Baadaye mama aliniuliza, "Ningejuaje?" Jibu ni hili.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na tumbo. Tazama saa au simu, uhesabu kila linapopanda, kwa dakika moja kamili. Pumzi ni za haraka zikiwa:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5

Ukipata hivyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe hospitalini moja kwa moja. Na ukiona kifua kinabonyea ndani, anaguna akihema, midomo au ulimi umekuwa samawati, au hawezi kunyonya wala kunywa, usihesabu tena. Nenda hospitalini sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Pia, usilale na mtoto chumba kimoja na jiko la makaa. Hewa yake ya sumu hunyang'anya oksijeni nafasi kwenye damu. Na usikose chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Mojawapo humkinga na nimonia.

Leo jioni, mtoto akilala, jaribu kuhesabu. Ukizoea pumzi zake akiwa mzima, utazitambua zikibadilika.